Dereva Asiyetazama Kioo

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikimtangazia radi mtu asiyeogopa radi. Naanza na hili mwenyewe kwa sababu mke wangu hulisimulia kila tukipata wageni, na kila likitoka mdomoni mwake limeongezewa chumvi. Afadhali nilitoe mimi, angalau nichague pa kucheka.

Mtu mwenyewe alikuwa jirani yetu pale Husby, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu, mlango wake ukitazamana na wetu. Alikuwa Msahrawi, mtu wa Sahara Magharibi, mrefu, mkavu kama ufito, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Nilipoingia kwake mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa na mke wangu nipeleke maandazi ya kumkaribisha jengoni. Nikakuta kioo kikubwa cha sebuleni kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheusi.

Basi. Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu mvua ikianza kunguruma, bibi yangu alikuwa anafunika kioo, anageuza sufuria kifudifudi, anatusogeza watoto wote mbali na mlango, kwa sababu kinachong'aa huita radi. Sikuuliza swali. Nilisema moyoni: masikini mzee wa watu, huko jangwani radi ilimfanya nini, mpaka anafunika kioo mwezi wa Januari, theluji imejaa hadi kwenye vibaraza?

Tangu siku hiyo nikajipa kazi. Televisheni ikionyesha kialama cha radi juu ya Stockholm, navaa kandambili, navuka korido, nagonga. "Mzee, kesho mchana kuna radi." Yeye anakunja uso, ananishika bega, anasema, "Asante, jirani. Tutakuwa pamoja." Na kweli, wingu likianza kuguna anakuja kwetu na birika lake dogo la chai, tunakaa sebuleni bega kwa bega, mimi namwambia inapita, yeye ananiambia inapita.

Tulikaa hivyo majira mawili ya joto. Mke wangu ndiye aliyetuharibia. Siku moja ngurumo zikiwa zimepamba moto akamuuliza, "Mzee, hivi hii radi umeanza kuiogopa lini?"

Akashangaa. "Mimi? Si mume wako ndiye anayeogopa? Kila mara anakuja kunigongea, macho yamemtoka. Nikasema nisimwache mwenzangu peke yake."

Mke wangu alicheka mpaka akaomba maji. Nikauliza: na kile kioo je? Mzee akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku. "Jua la mchana linakipiga. Kioo kinaita ndege."

Ndege zilizopita juu ya Husby zilikuwa za abiria. Lakini kichwa chake kilikuwa kimefunzwa kwingine.

Jina lake silitaji, na hata jengoni hatukulitumia. Wakenya wa ghorofa ya kwanza waliposikia kwamba aliwahi kuwa mpiganaji walianza kumwita Jenerali. Alikataa kabisa. Aliwaambia kwamba katika jeshi la Wasahrawi hakuna aliyevaa nyota begani; mkubwa na mdogo walikula sinia moja, na mgeni akifika hakujua ampigie nani saluti. "Nilikuwa dereva," alisema. Basi tukamwita Dereva, na hilo alilipokea kama wengine wanavyopokea Profesa.

Nieleze kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipomaliza kidato cha nne nilidhani Sahara nzima ina ngamia tu. Nchi yao ilikuwa chini ya Wahispania. Wahispania walipofungasha, majirani wakaingia, Wamoroko mbele, na Wasahrawi wengi wakakimbilia jangwa la Algeria, wakapiga mahema, na wanaume wakarudi kupigana. Walipigana miaka mingi, kisha ukaja usitishaji vita, wakaambiwa wangoje kura waamue mambo yao. Nilipokutana na Dereva walikuwa bado wanangoja. Nikamuuliza jeshi linafanya nini miaka yote hiyo kama halipigani. Akasema, "Linapaka mafuta magari."

Magari ndiyo yaliyokuwa dini yake ya pili. Walikuwa na yale magari ya jangwani ya Kiingereza, na kitu cha kwanza walichofanya wakipata gari, jipya au la kuteka, ni kulivua nguo: paa linang'olewa, kioo cha mbele kinang'olewa, milango, vioo vya pembeni, taa zinapakwa tope. Gari linabaki injini, usukani, bunduki kubwa na watu waliojifunga vilemba hadi machoni. Hakuna kinachong'aa. Wanakimbia usiku bila taa, mchana wanajificha chini ya mgunga mmoja wenye kivuli cha kumtosha mbuzi.

"Na nyuma unaonaje?" nilimuuliza.

"Nyuma kuna vumbi. Unaangalia nyuma ufanye nini?"

Tulizungumza Kiswidi, kile Kiswidi chetu cha Husby ambacho Mswidi akikisikia anaomba samahani yeye. Binti yangu Jeni, ambaye mimi nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, alikuwa anatoka chumbani kutusahihisha sarufi, halafu anabaki kusikiliza.

Sikumsikia hata siku moja akisimulia jinsi alivyomuua mtu. Alisimulia jinsi walivyobeba mbuzi kwenye gari la vita, mbuzi akala ramani. Alisimulia ukuta wa mchanga ambao adui aliujenga kuvuka nchi nzima, na mabomu yaliyofukiwa mbele yake. Mojawapo ndilo lililomfanya achechemee. Nilipotaka aniambie alivyolikanyaga, akasema kwamba hakulikanyaga yeye, lilikanyagwa na gurudumu la mbele kulia, na alilisikitikia gurudumu hilo kwa dakika nzima kabla ya kugundua kwamba damu ni yake.

Mara moja tu alikuwa mzito. Alikuwa akinisimulia juu ya mateka mmoja, fundi wa magari, aliyemfundisha kufungua gia boksi. Walicheka pamoja, walichomwa pamoja na jua. Nikauliza fundi yule aliachiliwa lini. Dereva akamimina chai, akairudisha kwenye birika, akaimimina tena. "Tuliwaweka muda mrefu mno," alisema. "Watu walizeeka mikononi mwetu. Hilo silisimulii nikijisifu." Kisha akabadilisha mazungumzo, akaniuliza bei ya vitunguu.

Tabia zake nyingine zilitupa faida bila yeye kukusudia. Majira ya baridi, asubuhi, njia ya kutoka mlangoni petu hadi barabarani ilikuwa imefagiliwa vizuri ajabu. Msimamizi wa jengo alimsifu mbele yetu kwa moyo wake wa kujitolea. Mimi, ambaye kazi yangu ya jikoni shuleni hunitoa nyumbani mapema kuliko nipendavyo, ndiye niliyemwona: anatembea kinyumenyume akiburuta tawi la msonobari, anafuta nyayo zake mwenyewe kwenye theluji. Alikuwa hata hajui kama anafanya. Nilipomwambia alisimama na tawi lake mkononi, akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema, "Usimwambie msimamizi. Amenifurahia."

Na huyu huyu, aliyekuwa akivuka usiku kati ya ngome mbili za adui, alishindwa kabisa vita ya chumba cha kufulia. Pale jengoni kila mtu ana saa zake za kufua, na Mama Furaha wa ghorofa ya pili hazijui saa za mtu. Mama Furaha ni Mkongomani wa Bukavu, mjane, mwimbaji wa kwaya, ana sauti inayopita kwenye zege. Alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, anazunguka mtaa wa jirani wa Spånga akiendesha kigari cha kazini. Dereva alikuwa akishuka na kapu lake, anachungulia kwenye kidirisha cha mlango, anamwona Mama Furaha, anapanda tena. Anangoja. Anachungulia tena. Nikamwambia, "Mzee, saa ni zako. Ingia umwambie atoke."

"Nimeshapima," alisema. "Ana nguo za kwaya nzima na ana pasi ya moto. Huyo hashambuliwi, anazungukwa."

Alimzunguka kwa kumpelekea chai. Wakagundua kwamba wote wawili wana Kifaransa, cha Dereva cha Algeria na cha Mama Furaha cha shule za masista, na tangu siku hiyo wakawa wanazungumza mambo ambayo mimi siyaelewi, wakinitazama na kucheka. Sikupenda. Nilikuwa mimi wa kwanza kumpata.

Mambo yake mengine hayakupatana. Kwetu alikataa dagaa wa kopo mpaka asome upande wa nyuma walikovuliwa, kwa sababu samaki wa bahari yao walikuwa wakivuliwa na wengine na kuuzwa Ulaya. Mke wangu alikaa na njaa huku mgeni akisoma kopo. Nyanya vilevile. Lakini mnanaa wa chai alinunua kwa Mmoroko mwenye duka la mboga, na alikuwa tayari kuvuka theluji kumfuata huyo tu. Walikuwa wakibishana dukani kwa sauti, watu wanakimbia wakidhani vita imehamia Husby, kumbe wanabishana kama mnanaa unawekwa kabla au baada ya sukari. Nilipomwuliza, alisema, "Yule ananipunja kwenye mizani kama anavyokupunja wewe. Nimkasirikie kwa lipi zaidi?"

Kazi yake ilikuwa kuosha mabasi kwenye karakana. Mabasi yote yale, na hata moja haruhusiwi kulisogeza, kwa sababu jeshi la jangwani halitoi leseni. Mwenzangu aliyevuka mabomu gizani akawa anafuta vioo vya pembeni asivyojua vya nini.

Na hapa ndipo mambo yalipokuwa mambo.

Mama yake alikuwa hai, kule mahemani, Algeria. Dereva alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, na kwa kuwa alipiga kelele ili zifike jangwani, tulisikia wote. Kulikuwa na kikundi cha Waswidi wastaafu, wenye uwanja wa nyumba Spånga, ambao kila mara walipopata gari kuukuu la wagonjwa walilitengeneza, wakalijaza viti vya magurudumu na miwani, wakaliendesha mpaka Hispania, wakapanda nalo meli, wakalifikisha kwenye zahanati ya mahemani. Walimwambia Dereva kwamba yeye anaweza kupanda ndege tu, wao watamkuta huko. Akamweleza mama yake. Nilikuwa nimekaa pale, na alipokata simu alinitafsiria neno kwa neno, uso umemshuka.

"Amesema, wanaokuja na ndege ni wageni. Wana kamera. Wanakunywa chai, wanalia, wanaondoka. Amesema, wewe hukuondoka hapa mgeni. Uliondoka dereva, urudi dereva. Na amesema nifanye haraka, jicho moja limeshafunga duka na la pili linahesabu chenji."

Kwa hiyo alihitaji leseni ya Kiswidi, la sivyo bima ya kile kikundi isingemkubali kwenye usukani.

Mitihani ya maandishi aliipita, Jeni akimsomesha. Mazoezi ya utelezi, ambayo Waswidi wanakulazimisha uyafanye kwenye uwanja wa barafu, aliyafanya mara moja, na mwalimu akamwomba arudie ili awaite walimu wenzake waje kutazama. Alirudi akicheka kama mtoto. "Ni mchanga," alisema. "Wameupaka rangi nyeupe tu." Lakini mtihani wa barabarani alianguka. Akarudia, akaanguka. Mtahini alisema anaendesha vizuri kuliko wengi, ila macho hayaendi kwenye vioo, hata mara moja. Akitaka kujua nyuma kuna nini, anafungua dirisha na kutega sikio.

Mke wangu akasema, "Si wewe una leseni? Mfundishe."

Nilikuwa nayo, kweli. Niliipata zamani kwa jasho, nikaiweka kabatini pamoja na viatu vya harusi. Na gari tulikuwa nalo, ila mwendeshaji alikuwa yeye mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kulifutia theluji na kurudi ndani. Watu wengine huzaliwa na miguu ya safari. Mimi nikifika Farsta, upande wa pili wa mji huo huo, kumtembelea shemeji yangu, najihisi nimehama, naanza kuulizia hali ya kwetu Husby. Lakini sheria ya Sweden haiulizi kama unapenda kutoka nje. Inauliza leseni ina miaka mingapi, na yangu ilikuwa mzee kabisa, haijachubuka popote. Basi nikapata kibali cha kumsimamia, tukabandika kile kibao cha kijani cha mwanafunzi nyuma ya gari, na mwanafunzi akawa mtu aliyeendesha chini ya mizinga, na mwalimu akawa mimi, nimeshika mshikio wa mlango kwa mikono miwili.

"Kioo!" nasema.

"Nimesikia. Ni lori."

"Usisikie, tazama!"

"Jirani, unatetemeka. Nipunguze?"

Wiki zikapita. Suluhisho halikutoka kwangu, na tangu lini. Mama Furaha alituona tukirudi tumenuna akauliza kuna nini. Alipoelezwa, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa katikati na mfuko wake, akaanza kwa Kiswidi chake, ambacho masikioni mwangu ni Kiswahili cha Bukavu kitupu.

"Twende. Muzee, miye niko hapa nyuma. Niko nafanya nini?"

Dereva akageuza shingo. Mama Furaha akampiga kofi la bega. "Hapana kugeuka! Mu kioo!"

Macho yakapanda kwenye kioo cha ndani, polepole, kama mtu anayechungulia kisima.

"Unakula," alisema.

"Nakula nini?"

"Karanga."

"Ya kuchemsha ao ya kukaanga?"

Tukafika mtaa wa pili, Kista. "Ya kukaanga," alisema Dereva.

"Ehe! Sasa muko na basi nyuma yetu. Iko rangi gani?"

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Siku nyingine alikuja na wanakwaya wawili, wanabadilishana vilemba, na Dereva lazima aseme nani kavaa cha nani huku akiingia kwenye mzunguko. Mimi mwalimu nilikaa mbele nikishika mshikio wangu, hakuna aliyeniuliza neno. Mwanzoni mwa majira ya kupukutika aliupita mtihani. Alikuja na leseni akaigusisha kwenye paji la uso wake, kisha kwenye langu.

Gari la wagonjwa lilikuwa tayari Spånga, limeshapakiwa. Safari ilikuwa baada ya wiki chache. Kikundi kilitaka madereva wawili kwenye gari, wa kupokezana, na wa pili alikuwa mstaafu mmoja ambaye siku hizo hizo alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Wenzake walikuwa wazee zaidi yake.

Dereva alikuja kwetu, hakukaa. "Jirani, twende wote. Wewe utaendesha Ujerumani tu, kwenye lami. Mimi nitafanya kazi yote iliyobaki. Mama ananingoja."

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Goti langu lilianza kuuma pale pale, goti ambalo halikuwahi kuniuma kabla wala baada. Nikasema goti. Nikasema kazini kuna upungufu wa wapishi. Nikasema na Jeni ana mtihani, Jeni akapaza sauti kutoka chumbani kwa Kiswidi kwamba hana mtihani wowote. Dereva alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyonisikiliza nikimtangazia radi. "Pole na goti," akasema, akavuka korido.

Mke wangu hakunisemesha kwa siku kadhaa. Angekwenda yeye, lakini hospitali anakofanya kazi ilikuwa imemnyima likizo mpaka mwaka mwingine. Gari la wagonjwa likabaki Spånga, theluji ikalifunika. Ijumaa niliendelea kusikia simu yake kutoka ng'ambo ya korido, na ilikuwa inapungua makelele.

Majira ya kuchipua Mama Furaha alipata likizo yake. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ameiomba tangu siku aliyosikia habari za goti langu. Mwanamke mwenyewe barabara aliyoizoea ni ya kutoka kwa kikongwe mmoja wa Spånga kwenda kwa mwingine. Alikuja kuniachia funguo na maua yake.

"Weye utatunza maua," alisema. "Ile haitembei."

Waliondoka asubuhi ya mvua, Dereva kwenye usukani, Mama Furaha pembeni na mfuko wa karanga, wastaafu wawili nyuma wakipunga mikono. Mimi nilipunga kutoka dirishani, kwa sababu ya mvua. Niliyatunza maua yake, niseme hilo, na moja tu ndilo lililokufa.

Mama Furaha alirudi kwa ndege baada ya wiki kadhaa, mweusi kuliko alivyokwenda, akasema safari ilikuwa nzuri, na zaidi ya hapo akakataa kusema. "Ni habari yake, atasema mwenyewe." Dereva alibaki huko. Tulisikia kwamba anafanya kazi kwenye karakana ya jeshi lao, wanapaka mafuta magari.

Nilimwona tena baada ya mwaka na nusu hivi. Alikuja Stockholm kurudisha nyumba na kuchukua vitu vyake, vilivyotosha begi moja. Alikuwa amenenepa kidogo, ajabu, na amevaa koti la Kiswidi alilolichukia zamani. Tukaketi kwetu, mimi, mke wangu, Mama Furaha, yeye akipika chai kwenye jiko letu kama kwake. Nikauliza kile nilichokuwa nakiogopa kuuliza, kama alifika dereva.

Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba Ulaya yote aliendesha vizuri, na Algeria vizuri zaidi, siku nyingi za barabara iliyonyooka. Zilipobaki kilomita chache, akaanza kuona mahema. Mikono ikakataa. Ilitetemeka mpaka gari likawa linayumba, yeye ambaye mikono yake haikuwahi kutetemeka hata ndege za vita zikiwa juu. Akasimamisha, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamwomba Mama Furaha aendeshe.

"Nikaingia kambini nimekaa pembeni," alisema. "Mama alikuwa amesimama nje. Lile jicho moja bado lilikuwa linaona kitu kikubwa, gari, mlango. Akaja moja kwa moja mlango wa dereva, akaufungua, akamshika huyu mashavu." Akamnyooshea kidole Mama Furaha. "Akambusu, analia, anasema, mwanangu, umenenepa! Ulaya wamekulisha!"

Mama Furaha akafunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, sikujua anacheka au vipi.

"Mimi nimesimama upande wa pili. Nilipoita, akageuka. Akaniuliza, na wewe ni nani? Nikamwambia. Akanipapasa uso mzima, pua, masikio, kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, basi huyu mnene ndiye dereva, mwekeeni chai kwanza."

Tulicheka wote. Halafu mke wangu akauliza taratibu, "Kwa hiyo hakukuona?"

"Aliniona kwa mikono. Dada yangu anasema mpaka majira ya baridi yale gari liliposimama Spånga bado alikuwa anasoma uso wa mtu. Alikuwa anatoka nje jioni kutazama barabara." Akaniongezea chai. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anajibu alichoulizwa.

Mimi kimya huwa sikiwezi, lazima nikitilie kitu, hata kama ni upuuzi. Nikamgonga Dereva begani, nikasema kwa sauti ya kuchangamsha baraza, "Haya, basi mzee tuko sawa mimi na wewe. Wote tuliogopa!"

Yeye alitabasamu, tayari kunikubalia, kwa adabu ile yake. Mama Furaha ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Aapana, Baba Jeni," alisema. "Yeye aliogopa akiwa amefika. Weye uliogopa haujavaa ata soksi."